UZI: Kupiga picha mwezi ukipatwa ukiwa Uganda (na kwa nini ile picha ya mnara ni ya uongo)

Mtu_wa_Kisekka · 8 Septemba 2025, saa 1:20 usiku

Wakuu, hamjambo. Tangu asubuhi kundi letu la WhatsApp la mtaani linazungusha picha moja: mwezi mwekundu, mkubwa kama sinia la pilau, umejibanza nyuma ya mnara wa msikiti wa Old Kampala. Chini yake pameandikwa "Jana usiku, Kampala". Watu wanamwaga mioyo na moto. Mimi niliyekuwa juu ya paa na kamera tangu jua linazama nimeweka picha yangu, nikaulizwa mbona mwezi wangu unafanana na chungwa lililosahauliwa sokoni.

Basi tuongee. Kwanza nieleze kwa nini ile picha haikupigwa jana, kisha nieleze mimi nilipiga vipi na niliharibu wapi. Niliharibu pakubwa.

Anza na saa. Mwezi ulichomoza kwetu karibu saa 12:45 jioni ukiwa mweupe. Kivuli kizito cha dunia kilianza kuugusa saa 1:27 usiku. Ukamezwa wote saa 2:30, ukakaa humo dakika 82 hadi saa 3:53, na kivuli kikaachia kabisa saa 4:56.

Sasa kumbuka tunaishi wapi. Hapa ikweta ipo mlangoni. Mwezi wetu haupandi kwa mshazari kama unavyopanda Ulaya. Unapanda wima, kama ndoo inavyovutwa kisimani, karibu nyuzi 15 kila saa. Kwa hiyo ulipoanza kuwa mwekundu wote, ulikuwa umeshapanda nyuzi 25 hivi. Kufika saa 3:12, katikati ya kupatwa, ulikuwa kwenye nyuzi 35. Watu walikuwa wanainua shingo.

Chukua mnara wa mita 50. Ili ncha yake iguse mwezi ulio nyuzi 25 juu, inabidi usimame kama mita 100 tu kutoka kwenye mnara. Ukisimama hapo mnara unajaza picha yote na mwezi unakuwa kidoa, maana upana wa mwezi angani ni nusu ya nyuzi moja. Ukitaka mwezi uonekane mpana kuliko mnara, lazima urudi nyuma kilomita mbili au zaidi uvute kwa lenzi ndefu. Lakini kutoka huko mnara unakuwa chini kabisa, nyuzi moja au mbili, na jana mwezi ulipokuwa chini hivyo ulikuwa bado mweupe pe. Wekundu na uchini havikukutana Kampala jana. Mtu amechukua mwezi wa kwingine akaubandika.

Jambo la pili, na hili ndilo lililonifurahisha usiku kucha. Kwenye picha ile kuna kipande cheupe kimebaki juu kulia, na kivuli kinaonekana kimeanzia kushoto. Jana kwetu mwezi uliliwa kutoka chini, kidogo kushoto. Mwezi huingia kivulini ukielekea mashariki, na sisi tukiutazama ukichomoza, upande wake wa mashariki ndio ulio chini. Tena mwanga ulirudi kuanzia chini vilevile, maana upande uliotangulia kuingia ndio uliotangulia kutoka. Michoro mingi mtandaoni imechorwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini. Nilikuwa nimeuchapisha mmoja na kuubandika ukutani, na jana nilipoona kivuli kinaanzia chini nikadhani nimelala njozi.

---

Mtu_wa_Kisekka · saa 1:52 usiku

Naendelea, chapati ilikuwa motoni.

Vifaa: kamera ya mtumba ya lenzi za kubadilisha, lenzi ya milimita 70–300 na ile ndogo ya 18–55 iliyokuja nayo, tripodi ya bei ya chini ambayo nimeifunga jiwe kwenye ndoano ya katikati ili isitikisike. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, picha ni mapenzi tu.

Kabla ya kivuli kuingia: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata 1/250 ya sekunde. Mwezi mpevu ni jiwe linalopigwa na jua, usiogope kuweka kasi kama ya mchana. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaiachia kamera ijipangie, kamera inaona anga jeusi, inaongeza mwanga, mwezi unatoka kama balbu.

Kivuli kikishaingia unakuwa na miezi miwili katika mmoja, kipande kinachong'aa na kipande kilichozama. Huwezi kuvipata vyote kwa pigo moja. Mimi nilichagua kipande cheupe, nikawa napunguza kasi taratibu kadiri kinavyosinyaa. Nusu ya mwisho ilinikimbiza, nilikuwa nabadilisha kila dakika tatu.

Ukimezwa wote, sahau ulichojua. Mwanga unashuka mara elfu nyingi. Nilienda ISO 1600, f/5.6, sekunde 1. Ilitoka nyekundu vizuri lakini imelainika kingo, kwa sababu mwezi husogea upana wake mzima kila dakika mbili, na kwenye milimita 300 sekunde moja inatosha kuchora mkia mdogo. Nilipopandisha ISO 3200 na kushusha shata hadi nusu sekunde, chembechembe ziliongezeka lakini mabonde yakaonekana. Bora chembechembe kuliko ukungu.

Halafu kosa. Lenzi yangu ya zumu imelegea. Ukiilaza haina shida, ukiielekeza juu inateleza yenyewe, polepole, bila kukwambia. Nilikuwa nimeweka fokasi kwa mkono saa 1:00 kwenye ukingo wa mwezi mweupe, nikaridhika, nikaacha. Saa 2:30 lenzi ilikuwa imetazama juu, ikateleza kutoka 300 hadi kama 250, na fokasi ikahama nayo. Nimepiga picha 61 kwenye kioo kidogo zikionekana sawa. Nilipokuja kukuza moja saa 3:05 zote ni uji. Robo tatu ya saa ya mwezi mwekundu imekwenda na maji.

Nilichofanya: nilishuka mbio, nikakata kipande cha tyubu ya ndani ya pikipiki, upana wa vidole viwili, nikakivalisha lenzi pale zumu inapoungana na mwili. Ikakamata kama breki mpya. Halafu fokasi nikaweka kwa Zohali, ile sayari ya manjano iliyokuwa jirani, maana mwezi mwekundu ni hafifu mno kukuza kwenye kioo. Picha nne nzuri nilizonazo zote ni za baada ya saa 3:15.

---

Nalu256 · saa 2:10 usiku

Kaka, mimi sina hata hiyo kamera ya mtumba. Nilitumia simu na darubini ya macho mawili ya mjomba wangu, anaongoza watalii wanaotazama ndege kwenye kinamasi cha Mabamba. Nilifunga darubini kwenye kiti kwa leso, nikaweka simu kwenye jicho moja. Mwezi mweupe ulitoka safi baada ya kugusa kioo kwenye mwezi na kuburuta kidole chini hadi uonyeshe madoa. Mwekundu ukanishinda, ulikuwa unaruka-ruka. Tatizo ni simu au ni mimi?

---

Mtu_wa_Kisekka · saa 2:16 usiku

Ni kidole chako, dada. Ukigusa kitufe simu inatikisika, na kwenye mwanga hafifu simu inahitaji muda mrefu zaidi. Weka taima ya sekunde 3, toa mkono. Na kama simu ina modi ya Pro, zuia fokasi isihangaike. Leso ibaki, hilo ni wazo zuri.

Usivute zumu ya simu yenyewe. Hiyo haikuzi mwezi, inakuza makosa.

---

BodaTororo · saa 2:31 usiku

Mimi nina malalamiko, si ya kamera. Tovuti niliyosoma iliandika mwezi utamezwa wote saa 17:30. Nikahesabu vizuri kabisa: saa kumi na moja na nusu jioni. Nikabeba watoto watatu na mke kwenye pikipiki hadi kwenye mwamba wa Tororo, tukakaa, tukanunua mahindi. Saa kumi na mbili hamna mwezi. Watoto wananiangalia. Mke haniangalii.

---

Mhaya_wa_Mutukula · saa 2:38 usiku

@BodaTororo pole ndugu, nimecheka hadi nikashika ukuta. Saa ile ilikuwa ya dunia, ya Greenwich. Sisi Afrika Mashariki ongeza tatu. 17:30 inakuwa 20:30, yaani saa mbili na nusu usiku. Na mwezi mpevu hauwezi kuwa juu saa kumi na moja na nusu jua likiwa bado linang'aa. Ukichomoza, jua ndio linazama. Hiyo ni ya kukumbuka hata bila tovuti.

Na wewe Mtu wa Kisekka, hiyo tyubu yako huku kwetu tunaiita chubu.

---

BodaTororo · saa 2:44 usiku

Tulikaa hadi saa 3:00 hata hivyo. Mdogo alilala. Mkubwa aliniuliza kama tunapaswa kuvaa miwani myeusi. Nikamwambia vaa. Nilikuwa sijui.

---

Mtu_wa_Kisekka · saa 2:49 usiku

Miwani maalumu ni ya kupatwa kwa jua, mzee. Wale waliokwenda Pakwach Novemba 2013 jua lilipopatwa ndio waliohitaji. Mwezi uangalie kwa macho makavu, kwa darubini, kwa lenzi, vyovyote. Hauchomi. Vilevile usiweke kichujio cha jua kwenye lenzi, utapata giza tupu.

---

Mama_Aisha_Arua · saa 3:20 usiku

Assalaam aleikum wote. Huku Arua baada ya isha imamu alitupanga tukaswali swala ya kupatwa uani, rakaa mbili zenye rukuu mbili-mbili, ndefu. Mwanangu wa kiume alikuwa nyuma, akapiga kwa simu modi ya usiku, sekunde tatu, simu imeegemezwa kwenye birika la udhu. Katika picha wanaonekana watu wamesimama safu, mwembe, na mwezi juu yake mdogo mwekundu. Nilidhani simu haiwezi. Mwezi wa kawaida ukiupiga na watu, ama mwezi unakuwa doa jeupe ama watu wanapotea. Kwa nini jana ulikubali?

---

Mtu_wa_Kisekka · saa 3:34 usiku

Wa aleikum salaam mama. Umeuliza swali zuri kuliko yote, na mwanao amenishinda mimi na lenzi yangu.

Siku zote mwezi mpevu unang'aa kupita kiasi ukilinganisha na uani kwenye taa moja. Kamera haiwezi kuvishika vyote viwili. Jana kwa dakika 82 mwezi ulishuka hadi ukakaribiana na mwanga wa uani. Kwa dakika hizo tu simu ya kawaida inaweza kushika mwezi, watu na nyota katika picha moja. Mimi nilikuwa nahangaika kuufanya mkubwa. Mwanao aliuacha mdogo, na wake ndio unaoonyesha palikuwa wapi.

Tafadhali ukipata ruhusa ya waliomo, iweke hapa.

---

Afande_Mstaafu · saa 4:05 usiku

Vijana, nisamehewe, kamera siijui. Lakini mnaongea habari za wekundu kana kwamba kila mara ni mwekundu. Desemba 1992 nilikuwa lindoni, zamu ya usiku wa manane. Kama saa saba na kitu mwezi ulianza kufifia, tukajua unapatwa. Haukuwa mwekundu. Ulizimika. Nasema ulizimika, tukawa tunatafuta ulipokuwa. Mwenzangu mmoja alikoki bunduki. Kwa nini ule haukuwa kama wa jana?

---

Mhaya_wa_Mutukula · saa 4:21 usiku

Shikamoo Afande. Kumbukumbu yako haina kutu. Kupatwa kwa usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Desemba 1992 kunajulikana kuwa kwa giza sana. Sababu ni volkano. Pinatubo ya Ufilipino ililipuka Juni 1991, ikarusha gesi na vumbi juu kabisa ya anga.

Wekundu wenyewe unatoka wapi: dunia ikiziba jua, kuna mwanga kidogo unaopenya kwenye hewa iliyozunguka ukingo wa dunia, unapinda na kuangukia mwezini. Ukipita kwenye hewa nene hivyo, ubluu unatawanyika njiani, wekundu unabaki. Ni mwanga uleule wa machweo na mapambazuko, ya dunia nzima kwa wakati mmoja. Sasa hewa ya juu ikichafuka kwa volkano, hata huo mwekundu unazuiwa. Kuna kipimo cha Danjon, kutoka 0 mwezi unaokaribia kutoonekana hadi 4 mwekundu wa shaba unaong'aa. Ule wako, Afande, ulikuwa karibu na sifuri.

---

Afande_Mstaafu · saa 4:26 usiku

Marahaba. Nitamtafuta yule mwenzangu nimwambie ilikuwa Ufilipino.

---

Nalu256 · saa 4:40 usiku

Kwenye picha yangu moja kabla ya saa mbili na nusu kuna mstari wa bluu-kijani kwenye mpaka wa kivuli. Ni darubini ya mjomba au ni kweli?

---

Mtu_wa_Kisekka · saa 4:47 usiku

Ni kweli! Ni ozoni. Mwanga uliopita juu kabisa kwenye tabaka la ozoni unanyang'anywa wekundu, unabaki na ubluu. Unaonekana dakika chache tu kabla na baada ya kumezwa. Mimi wakati ule nilikuwa napiga uji.

---

BodaTororo · 9 Septemba 2025, saa 12:50 asubuhi

Sasa nataka kujua mtu anafanyaje ile picha ya miezi mingi imepangwa mstari. Za Ulaya zinapinda kama upinde.

---

Mtu_wa_Kisekka · saa 1:15 asubuhi

Hapa kwetu haipindi, na hiyo ndiyo raha. Lenzi ya 18–55, weka 18, simamisha kamera kwa wima. Kwa kamera kama yangu unapata nyuzi 66 kutoka chini hadi juu. Juzi kutoka kivuli kilipogusa hadi kilipoachia, mwezi ulipanda kutoka nyuzi 10 hadi 60. Unaingia wote katika fremu moja bila kugusa tripodi. Piga moja kila dakika 5, unapata miezi 42 hivi, kati ya mmoja na mwingine pana nafasi ya mwezi mmoja na nusu. Baadaye unaziunganisha kwenye kompyuta. Unapata ngazi iliyosimama, nyeupe chini, nyekundu katikati, nyeupe juu.

Nilikuwa na mpango huo. Kamera ni moja, na nilichagua lenzi ndefu kwa tamaa.

Ushauri mwingine wa haraka. Zima kitulizo cha lenzi ikiwa kwenye tripodi, vinginevyo kinatafuta mtikisiko ambao haupo. Beba kitambaa, huku karibu na ziwa lenzi inatoa jasho kufika saa tatu. Betri mbili. Na mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) mapema. Mtu mwenye mabomba matatu juu ya paa usiku akielekeza kitu cheusi angani anaulizwa maswali, nami niliulizwa na askari wa jengo la jirani. Alipotazama kwenye kioo akaacha lango lake nusu saa.

Halafu jambo ambalo sitarudia: usijifunze usiku wenyewe. Mwezi mpevu upo kila mwezi. Ningeelekeza lenzi juu mara moja Agosti ningejua inateleza.

---

Mama_Aisha_Arua · saa 2:30 asubuhi

Waliomo wamekubali, isipokuwa mzee mmoja aliyejikuna wakati wa rukuu. Nimemkata. Picha hiyo hapo.

---

Mhaya_wa_Mutukula · saa 2:41 asubuhi

Mama, hii ni ya kuweka ukutani. Na angalia, upande wa kulia wa mwezi unang'aa zaidi ya kushoto. Mwezi ulipita kusini ya katikati ya kivuli, na ukitazama mashariki kusini ipo kulia. Hata simu kwenye birika imeliona hilo.

---

Nalu256 · saa 5:10 asubuhi

Mwingine lini? Nataka kurudia.

---

Mtu_wa_Kisekka · saa 5:25 asubuhi

Wa tarehe 3 Machi 2026 hautuhusu, utakuwa mchana kwetu. Wa kusubiri ni wa alfajiri ya Ijumaa, 28 Agosti 2026. Hautamezwa wote, lakini asilimia 93 ya upana wake itaingia kivulini. Kivuli kitaanza saa 11:34 alfajiri, mwezi ukiwa magharibi unashuka, na kwetu utazama kabla haujafika kilele. Wa kumezwa wote jioni utakuwa 31 Desemba 2028, watu wakiwa wanavaa kwenda mkesha.

Jaribu la bure: huo wa Agosti utaliwa kutoka wapi?

---

BodaTororo · saa 5:31 asubuhi

Chini! Umesema wetu huliwa kutoka chini.

---

Nalu256 · saa 5:38 asubuhi

Juu. Utakuwa unazama magharibi, kwa hiyo upande wake wa mashariki ndio utakuwa juu.

---

Mtu_wa_Kisekka · saa 5:44 asubuhi

Nalu amepata. Boda, ubaki na mahindi.

Na sasa fikirieni. Saa 12:35 hivi asubuhi ile, mwezi utakuwa umebakiza nyuzi tatu tu kuzama, zaidi ya nusu umeliwa, anga likiwa limeshapauka. Chini kabisa, magharibi. Mtu akisimama mashariki ya Old Kampala, kilomita moja na nusu au mbili, kwenye ghorofa lenye uwazi, na lenzi ya 300...

---

Mhaya_wa_Mutukula · saa 5:47 asubuhi

Ile picha ya uongo.

---

Mtu_wa_Kisekka · saa 5:52 asubuhi

Ya kweli safari hii, na kivuli kikianzia juu. Wa Fort Portal nao wana Rwenzori upande huo. Mlima utaumeza mwezi mapema, lakini nani atalalamika.

Nimeshaanza kuzunguka. Kuna jengo moja ambalo ghorofa ya sita ina ngazi za nje zinazotazama magharibi. Askari wake anataka kujua kwanza kama mwezi utachelewa, kwa sababu zamu yake inaisha saa kumi na mbili. Nimemwambia abadilishane na mwenzake. Tyubu nimeshakata mbili.